Kipande cha Pai ya Cheri: Eduardo Paolozzi na Mwanzo wa Sanaa ya Pop

Chumba tulicholala wajukuu katika nyumba ya bibi yangu, Muheza, kilikuwa na kuta za udongo zilizobandikwa kurasa za majarida tangu karibu na sakafu hadi kimo cha mtu mzima. Mjomba wangu alikuwa karani katika bandari ya Tanga, na mabaharia walikuwa wakiwaachia makarani majarida waliyokwisha kuyasoma. Mjomba aliyaleta nyumbani kwa mafungu, bibi akakoroga uji mzito wa unga wa muhogo, akaupaka mgongoni mwa kurasa na kuzibandika ukutani ili vumbi lisidondoke vitandani. Hakuzichagua kwa maneno yake, kwa kuwa Kiingereza hakukijua, wala hakujali sana upi umesimama na upi umepinduka. Juu ya mto wangu palikuwa na tangazo lililobandikwa kichwa chini miguu juu: kipande cha sabuni cha rangi ya waridi, povu, na mkono wa mwanamke wenye pete. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sabuni yenyewe ilipatikana kwa foleni ya tangu alfajiri, na wiki ambazo foleni haikuzaa kitu tulifua kwa majani ya mpapai. Nililitazama lile povu kila usiku kabla koroboi haijazimwa. Macho hayana pazia.

Nimeanza na ukuta huo kwa sababu ndio ulionifundisha kuitazama kazi moja ndogo ambayo vitabu vya historia ya sanaa huitaja kwa haraka na kuipita. Ni kolaji, yaani picha iliyoundwa kwa kukata na kubandika vipande vya karatasi, na aliyeitengeneza ni Eduardo Paolozzi, Mskoti mwenye asili ya Italia, alipokuwa na umri wa miaka 23. Mwaka ni 1947. Ukubwa wake ni sentimita 35.9 kwa 23.8, kubwa kidogo tu kuliko karatasi ya kawaida ya ofisini. Kitu cha kwanza kuonekana ni jalada la jarida la Kimarekani la maungamo ya mapenzi, lenye picha ya mwanamke aliyeketi na orodha ya vichwa vya habari vya kuvutia wanunuzi. Kimojawapo, I was a Rich Man's Plaything, yaani nilikuwa kichezeo cha tajiri, ndicho kilichokuja kuwa jina la kazi yote. Mkono usio na mwili umeshika bastola na kumwelekezea mwanamke huyo, na kutoka kwenye mdomo wa bastola linafumka wingu jeupe lenye neno POP. Pameongezwa kipande cha pai ya cheri na nembo ya maji ya matunda. Chini, kama kitako cha picha yote, pana ndege ya kivita iliyokatwa kutoka kwenye kadi ya posta ya wakati wa vita, na kando yake chupa ya Coca-Cola.

Neno lile ndani ya wingu ndilo lililoifanya kazi hii isifike mwisho kama karatasi nyingine za ujana. Kwa kuwa miaka kadhaa baadaye mkondo mzima wa sanaa, ule unaochukua picha za matangazo, katuni na bidhaa za dukani, ulikuja kuitwa kwa neno hilohilo, sanaa ya pop, wanahistoria walirudi nyuma, wakalikuta limeshachapwa mwaka 1947, wakasema huu ndio mwanzo. Mimi sioni kwamba neno lina uzito huo. Lilikuwa mlio wa bastola ya katuni, basi. Kinachonishika ni ile pai.

Mtu anayetaka kuielewa pai hiyo hana budi kujua hali ya chakula ilivyokuwa Ulaya mwaka huo. Vita vilikuwa vimekwisha, lakini Uingereza iliyoshinda ilikuwa inakula kwa kitabu cha mgawo. Mkate, ambao haukuwahi kuwekewa mgawo wakati wa mabomu, uliwekewa mgawo mwezi Julai 1946 na ukabaki hivyo hadi Julai 1948. Peremende zilibanwa hadi mwaka 1953, sukari nayo mwaka huohuo, na nyama ilikuwa ya mwisho kuachiwa, tarehe 4 Julai 1954. Ufaransa, ambako Paolozzi alihamia mwaka 1947, nayo ilikuwa ikigawa mkate kwa kuponi. Kipande cha pai kilichojaa cheri, kilichopigwa picha kwa rangi katika jarida la nchi ambayo haikuona bomu likiangukia majiko yake, kilikuwa kitu cha mbali kama ile sabuni ya waridi ilivyokuwa mbali nami.

Kwa Paolozzi umbali huo ulikuwa na uchungu wa ziada, kwa sababu utamu ndio uliokuwa kazi ya nyumbani kwao. Alizaliwa tarehe 7 Machi 1924 huko Leith, mji wa bandari unaoungana na Edinburgh, katika familia iliyotoka Viticuso, kijiji cha milimani kusini mwa Roma. Wazazi wake walikuwa na duka la aiskrimu na peremende katika mtaa wa Albert. Kijana alikua kati ya makopo yenye lebo za rangi, karatasi za kufungia peremende na kadi ndogo zenye picha zilizokuwa zikitiwa ndani ya pakiti za sigara, ambazo watoto wa wakati ule walizikusanya na kubadilishana. Yeye alikusanya kadi za ndege, za magari na za waigizaji, akajaza madaftari. Kila kiangazi baba yake alimpeleka Italia kwenye kambi za vijana wa Mussolini, na huko alipenda sare, beji na eropleni kama mtoto yeyote angezipenda, bila kujua bei yake.

Bei ilikuja tarehe 10 Juni 1940, siku Italia ilipotangaza vita dhidi ya Uingereza. Usiku huo maduka ya Waitaliano yalivamiwa na kuvunjwa katika miji mbalimbali ya Uingereza, na duka la akina Paolozzi halikusalimika. Wanaume wa nyumba hiyo walikamatwa kama raia wa adui. Eduardo, mwenye miaka 16, aliwekwa katika gereza la Saughton, Edinburgh, kwa muda wa miezi mitatu. Baba yake, babu yake mzaa mama na mjomba wake walipakiwa katika meli ya Arandora Star iliyokuwa ikipeleka wafungwa Kanada. Tarehe 2 Julai nyambizi ya Kijerumani iliipiga kwa topido karibu na pwani ya Ireland, ikazama, na watu zaidi ya 800 wakafa, zaidi ya nusu yao wakiwa Waitaliano. Wote watatu hawakurudi.

Nimesoma maelezo mengi ya kolaji ile yanayoisifu kwa uchangamfu wake, na kila mara najiuliza kama waandishi wake waliitazama ile ndege. Serikali iliyomfunga kijana huyu ilimwandikisha jeshini mwaka 1943, katika kikosi cha kazi za mikono. Anayeikata ndege ya kivita kutoka kwenye kadi ya posta, akaibandika pembeni mwa soda, si mtu anayecheza. Wala sisemi kwamba kolaji ni kilio kwa ajili ya baba yake, maana hakuna mahali anapodai hivyo, na kumwekea mtu machozi asiyoyalia ni kumkosea. Ninachosema ni kwamba jicho lililoziweka karibu pai, bastola, mwanamke na ndege lilikwisha kuona jinsi duka la peremende linavyoweza kuwa vioo barabarani katika usiku mmoja.

Baada ya jeshi alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, ambayo kwa sababu ya vita ilikuwa imehamishiwa Oxford. Huko alipenda kwenda katika makumbusho ya Pitt Rivers, ambamo vinyago, silaha, vifaa na mapambo kutoka kila pembe ya dunia vimerundikwa katika makabati bila kutengwa kwa heshima, akavichora. Onyesho lake la kwanza la peke yake lilifanyika London, katika Mayor Gallery, Januari 1947. Kazi ziliuzwa, na kwa fedha hizo akavuka kwenda Paris, ambako alikaa hadi mwaka 1949. Aliwatafuta wakubwa wa wakati ule, Giacometti, Brancusi, Arp na Tristan Tzara miongoni mwao, na ni kawaida ya vitabu kukaa hapo na kuorodhesha waliokutana naye. Lakini kwa habari yetu waliomfaa zaidi hawakuwa mabwana hao. Walikuwa wanajeshi wa zamani wa Marekani, waliokuwa Paris kama wanafunzi, na waliompa majarida yao wakimaliza kuyasoma. Hapo ndipo ninapomwona mjomba wangu akishuka kwenye basi na fungu la majarida kwapani.

Kukata na kubandika kulikuwa na historia yake kabla ya hapo. Picasso alibandika kipande cha kitambaa cha mafuta kwenye picha mwaka 1912; baada ya Vita vya Kwanza Hannah Höch na wenzake wa Berlin walizikatakata picha za magazeti na kuunda nyuso za kutisha za Ujerumani iliyoshindwa. Paolozzi aliyajua haya, na maisha yake yote alipenda kujihesabu miongoni mwa warithi wa usurealisti, mkondo wa sanaa uliochota katika ndoto, kuliko kuvikwa jina la pop, ambalo alilichukulia kuwa limebuniwa na wengine.

Na pana mtu mmoja ambaye siwezi kumpita. Katika mwaka huohuo wa 1947, Kurt Schwitters, mkimbizi wa Kijerumani aliyekuwa akiishi katika umaskini huko Ambleside, kaskazini mwa Uingereza, alitengeneza kolaji ndogo iitwayo For Käte kwa vipande vya katuni za Kimarekani zenye rangi kali. Naye alikuwa amefungwa na Waingereza mwaka 1940 kama raia wa adui, katika kisiwa cha Man, ingawa aliwakimbia Wanazi waliomtangaza kuwa msanii mpotovu. Alikufa Januari 1948. Hivyo kazi mbili zinazotajwa kuwa mbegu za sanaa ya pop zilitoka kwa wafungwa wawili wa zamani, mmoja kijana na mwingine mzee, kila mmoja na karatasi za nchi ambayo hakuwahi kuishi. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi kwa sauti kubwa zaidi.

Paolozzi hakuzitundika kolaji zake. Alizibandika katika madaftari, akazichukulia kama akiba ya macho, huku jina lake likikua kwa uchongaji. Mara ya kwanza zilipoonekana na watu wengine kwa pamoja ilikuwa Aprili 1952, katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa, mtaa wa Dover, London. Vijana kadhaa, wasanii, wasanifu majengo na wahakiki, walikuwa wameanza kukutana huko chini ya jina la Independent Group: Richard Hamilton, Nigel Henderson, Alison na Peter Smithson, William Turnbull, Reyner Banham, Lawrence Alloway na wengineo. Paolozzi alileta rundo la karatasi na kuzipitisha katika epidiaskopu, ile mashine inayomulika ukurasa na kuurusha mkubwa ukutani. Matangazo ya magari, majalada ya hadithi za sayansi za kubuni, roboti, chakula, wanawake, picha za Walt Disney, michoro ya mashine, vyote vilipita kimoja baada ya kingine kwa kasi, bila mpangilio uliotajwa na bila maelezo. Baadhi ya waliohudhuria walikaa kimya, wengine wakacheka kwa kutojua walichoitiwa.

Mimi naupenda ule ukimya wa mleta picha. Angeweza kutoa hotuba. Wenzake walikuwa hodari wa hotuba. Lakini ukuta wa bibi nao haukuwa na maelezo, na kwa sababu hiyo sabuni iliweza kuwa jirani wa trekta, na trekta jirani wa malkia, kila kimoja kikikipa mwenzake maana ambayo mchapishaji hakuikusudia. Hiyo ndiyo kazi ya kolaji inapokuwa nzuri: inakiondoa kitu katika sentensi ya muuzaji na kukiacha kitafute jirani mpya.

Miaka minne baadaye mambo yalichukua sura nyingine. Mwezi Agosti 1956 Whitechapel Art Gallery, mashariki mwa London, ilifungua onyesho la This Is Tomorrow, lililogawiwa makundi 12 ya wasanii na wasanifu. Paolozzi alikuwa katika kundi moja na Henderson na akina Smithson. Walijenga kibanda cha mbao kuukuu chenye paa la plastiki, na uani wakatawanya vitu vilivyookotwa, kama masalio ya makazi baada ya moto. Kundi la Hamilton, pamoja na John McHale na John Voelcker, lilijenga banda lenye roboti mkubwa wa sinema, picha ya Marilyn Monroe na sanduku la muziki. Watu walimiminika, karibu 1,000 kwa siku, na wengi wao walikuja kwa ajili ya roboti.

Kwa ajili ya katalogi na bango la onyesho hilo Hamilton alitengeneza kolaji ambayo leo inajulikana kuliko ya Paolozzi, Just what is it that makes today's homes so different, so appealing?, maneno yaliyookotwa kutoka kwenye tangazo, yanayouliza ni nini hasa kinachozifanya nyumba za leo ziwe tofauti na za kuvutia kiasi hicho. Ni ndogo kuliko hata ile ya 1947, takriban sentimita 26 kwa 25. Ndani ya sebule moja kuna mwanamume mwenye misuli aliyeshika peremende kubwa ya kijiti yenye neno Pop, mwanamke aliye uchi juu ya kochi, paja la nguruwe la kopo, televisheni, kinasa sauti, mashine ya kufyonza vumbi, ukurasa wa katuni uliowekewa fremu kama picha ya ukoo, na juu, mahali pa dari, sayari. Hamilton aliandika kwanza orodha ya mambo aliyoyataka, kisha mkewe Terry na msanii Magda Cordell wakapekua majarida, mengi yakiwa yale ambayo McHale alirudi nayo kutoka Marekani, na kuyakata yaliyofaa. Ni haki wanawake hao wawili watajwe kila kazi hiyo inapotajwa, maana nusu ya kolaji ni kutafuta vipande.

Kazi ya Hamilton ni ya akili kubwa, imepangwa kama hoja, na kila kitu kimekaa mahali pake. Mwezi Januari 1957 aliwaandikia akina Smithson barua yenye orodha ya sifa za sanaa hiyo: ya watu wengi, ya kupita, ya kutupika, ya bei nafuu, ya kuzalishwa kwa wingi, ya vijana, ya ucheshi, ya ashiki, ya mbinu za kuvutia, ya mng'aro, ya biashara kubwa. Orodha hiyo inasomwa mpaka leo kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Mimi naiona kuwa ni maelezo ya mtu aliyesimama nje ya dirisha la duka akiwa na daftari. Paolozzi alisimama nje ya dirisha hilohilo akiwa na njaa, na tofauti hiyo inaonekana katika kingo za karatasi: za Hamilton zimekatwa zikafichwa ili sebule ionekane sebule, na za Paolozzi zimeachwa zionekane, karatasi juu ya karatasi, vitu visivyokubali kuingia chumba kimoja.

Sitaki kuonekana kwamba naisamehe ile bastola. Mwanamke wa jalada anauzwa na jarida, kisha anaelekezewa silaha na msanii, na katika duru zile za mwanzo ni wanaume waliozungumza zaidi. Ilibidi kusubiri hadi Pauline Boty, aliyeonyesha kolaji zake London mwaka 1961 pamoja na Peter Blake na wengine wawili, ili mtu aliye upande wa pili wa picha aanze kuzikata picha mwenyewe. Alikufa mwaka 1966 akiwa na miaka 28, na kazi zake zikakaa muda mrefu gizani. Anastahili makala yake peke yake.

Sanaa ya pop ilipovuma mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilivuma kwa sauti ya Marekani. Makopo ya supu ya Andy Warhol, turubai 32, yalionyeshwa Los Angeles mwaka 1962, na dunia ikaamini kwamba mkondo huo ulizaliwa katika maduka yaliyojaa. Madaftari ya Paolozzi yalikuwa bado ndani ya masanduku. Ni mwaka 1971 tu, Tate Gallery ilipomwandalia onyesho kubwa la kazi zake, ndipo kolaji za zamani zilipotolewa zikatundikwa, na yeye akazitoa zawadi kwa Tate, ile ya 1947 ikiwemo. Mwaka uliofuata alichapisha zaidi ya 40 kama mfululizo uitwao Bunk, neno la dharau linalokumbusha msemo wa Henry Ford, mtengenezaji wa magari wa Marekani, kuhusu historia kuwa upuuzi. Mwanzo, kwa hiyo, ulitangazwa miaka 24 baada ya tukio lenyewe, na hapo ndipo neno POP lilipogeuka kutoka mlio wa bastola na kuwa unabii.

Wapo wanaouona ucheleweshaji huo kuwa sababu ya kutilia shaka nafasi yake. Kwangu ni kinyume. Mtu aliyekaa na karatasi hizo kwa zaidi ya miongo miwili bila kuziita sanaa alizihitaji kwa namna ambayo soko halikuwa na bei yake. Alizihitaji mpaka mwisho: alikusanya vichezeo, majarida na katuni kwa maelfu, vigae vya rangi alivyovipanga miaka ya 1980 katika kituo cha treni cha Tottenham Court Road vina mashine na vyombo vya muziki vilivyochanganywa kwa mkono uleule wa kolaji, na sanamu yake ya Newton, iliyowekwa katika ua wa Maktaba ya Uingereza, ina viungo vilivyofungwa kwa skrubu kubwa, kana kwamba hata mwili wa binadamu ulikatwa ukaunganishwa upya. Mwaka 1994 aliipa Scotland sehemu kubwa ya mali yake ya kazi, na leo karakana yake imepangwa upya ndani ya jumba la sanaa mjini Edinburgh, meza, rafu, plasta na makaratasi yote yakiwa yamerundikana. Alikufa London tarehe 22 Aprili 2005.

Karatasi za majarida ya zamani hazikutengenezwa zidumu. Zina asidi ndani yake, na mwanga huzigeuza manjano, kwa hiyo majumba ya makumbusho huzionyesha kwa muda mfupi, katika taa hafifu, kisha huzirudisha gizani. Ukuta wa bibi haukupata bahati hiyo. Mchwa waliingia kwa chini, mvua ikaingia kwa juu, na mwaka 1996 wajomba walipopiga lipu ya saruji walikwangua kilichobaki kwa jembe. Tangazo la sabuni lilikuwa limebaki mkono tu, wenye pete, ukielekea chini.